Uzi wa Rangi Nne Utakuja Kunitoa Roho

Jumamosi dada mmoja kanirudishia shali niliyomfumia. Hakuja kwa shari. Alianza na salamu, kamwene, tukaulizana habari za nyumbani na za baridi, ndipo akaitoa kwenye mfuko: "Lakini dada, mbona haifanani na ya kwenye picha?"

Picha ilikuwa ya shali ya pembetatu, rangi moja ya maziwa, yenye majani ya matundu kutoka mgongoni mpaka pindoni. Uzi aliniletea mwenyewe: zambarau, njano, waridi na bluu, zote ndani ya donge moja, zikipokezana kila baada ya kiganja. Nilimwambia haitakuja kama pale. Akasema nifume tu, rangi zimechangamka. Nikafuma wiki tatu, usiku, miguu kwenye jiko la mkaa. Majani yapo yote. Naweza kukuonyesha moja moja kwa kidole. Tatizo ni kwamba bila kidole huyaoni.

Ni lini tulikubaliana kwamba rangi nyingi ndiyo uzuri? Nakshi ya matundu inasema kwa sauti ndogo. Unaacha tundu hapa, pembeni yake unashika vitanzi viwili kwa pamoja, kimoja kinamlalia mwenzake, na jicho linafuata ule mstari mpaka jani linatokea. Ukileta rangi nne zinazopigiana kelele, jicho linakimbilia rangi, na tundu lako linakuwa doa jingine tu katikati ya madoa. Uzi wa namna hiyo una kazi yake: sweta la mtoto, kofia, kitu kilichofumwa wazi bila mbwembwe, uzi wenyewe ujitape. Ukitaka nakshi, chukua rangi moja, na isiwe nyeusi. Nyeusi inameza kazi yote, halafu inamtia mfumaji upofu usiku.

Na sisi ndio watu wa kanga! Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Mtu huyuhuyu ukimpeleka dukani kuchagua kanga ni hakimu: hii mji umejaa mno, hii pindo limepwaya, hii jina halisomeki. Anajua bila kufundishwa kwamba pindo likiwa na fujo, mji utulie, na kwamba kanga yenye rangi mbili tatu inaweza kumpiga mtu jicho ng'ambo ya barabara. Akifika kwenye uzi, elimu yote hiyo anaiacha mlangoni.

Tukiwa hapohapo kwenye pindo: ukitaka shali ya pembetatu inayoanzia shingoni, yenye pindo la rangi nyingine, tafadhali usininunulie madonge manne ya mji na moja la pindo eti kwa sababu pindo ni dogo. Shali hiyo inapanuka kila mara unapogeuza kuanza mstari mwingine. Ukifika nusu ya mistari umetumia robo tu ya uzi. Theluthi ya mwisho peke yake inakula zaidi ya nusu. Nimewahi kuishiwa uzi wa pindo nikiwa na shali ya mtu mapajani, nikarudi sokoni, nikapata rangi ileile ya damu ya mzee lakini namba ya mchovyo kwenye lebo, ile inayoonyesha uzi upi ulitiwa rangi pamoja, ni nyingine. Ndani ya duka zilifanana. Juani, pindo likawa na kiraka.

Skafu za duara, zile za kushusha shingoni au kupandisha kichwani, nazo zina sheria moja tu: zinakaa chini ya uso, basi uzi uuweke chini ya kidevu, nje, kwenye mwanga, ujitazame. Usichague kwa taa ya dukani. Kama ni rangi mbili, zipige picha kwa simu na uifanye nyeusi na nyeupe. Zikitoka kijivu kimoja, nakshi yako itazama.

Sasa mtasema, na sufu je? Sokoni kila uzi wa sweta unaitwa sufu. Choma ncha ya uzi: sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki majivu ya kuvunjika kwa vidole, akriliki, ule uzi wa plastiki, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Nilikuwa naidharau akriliki. Lakini sufu ya kweli ukiifikicha kwenye maji ya moto inajikunja na kuwa nzito kama blanketi, na mama yangu anafua kila kitu kwa namna moja, kwa hasira. Shali yake ni ya akriliki. Haya, nimekubali, tusiendelee.

Yule dada nilimwambia niko tayari kuifumua, anunue uzi mweupe, nianze upya bila kumdai ufundi. Akaishika kidogo, akaikunja, akasema atafikiria.

Jumatatu asubuhi nikamwona stendi, ukungu umefunika mpaka kwenye mabasi. Shali kaizungusha mara mbili, kidevu kimezama ndani, na njano ile imemwasha uso kama taa. Amependeza. Hata majani hayakuhitajika, na hilo limeniudhi kuliko shali kurudishwa.