Aliyerudi Golzow kwa Miaka 46

Kila nikiona vile vipande vya dakika tatu vya "maisha ya fulani", mama analia, muziki unapanda, namba ya kuchangia inatokea chini, akili yangu inakwenda Golzow.

Golzow ni kijiji cha wakulima mashariki mwa Ujerumani, kwenye bonde la mto Oder, karibu kabisa na mpaka wa Poland. Agosti 1961, mwezi uleule Ukuta wa Berlin ulipoanza kujengwa, kijana wa miaka 26, Winfried Junge, alifika pale na kamera ya DEFA, studio ya serikali ya Ujerumani Mashariki. Wazo lenyewe lilikuwa la mkubwa wake kazini, Karl Gass: wachukue watoto wanaoingia darasa la kwanza, uwafuate wakikua, watu waone nchi ya kijamaa inalea binadamu wa namna gani. Filamu ya kwanza ni dakika 13 tu. Watoto wanacheza mchangani, kisha wanaingia darasani. Basi.

Wengi wangeishia hapo, wakapokea pongezi zao, wakaenda kijiji kingine. Junge alirudi mwaka uliofuata. Akarudi watoto walipofika miaka 11, akarudi walipofika 14, akarudi mwaka 1971 walipokuwa wanafanya mtihani wa kumaliza shule. Wakaajiriwa, wakaoa, wakaolewa, wengine wakaachana, naye bado anarudi. Nchi iliyomtuma ilifutika 1990 na studio yake ikavunjwa. Yeye akatafuta fedha kwingine, akarudi. Mkewe Barbara, aliyekuwa mhariri wa filamu hizo, akawa mwongozaji mwenzake. Walifunga kazi 2007, nyuma yao kuna zaidi ya saa 40 za filamu. Waingereza nao wana mfululizo wao mashuhuri wa aina hii, lakini walianza 1964.

Watu husifu urefu huo wa miaka. Mimi nimeshikwa na aina ya watu aliowachagua. Mpaka rangi. Mkamua ng'ombe. Msichana wa mradi wa kuku, ambaye alifariki 1984 akiwa hajatimiza miaka 30, na Junge akaendelea na mwanawe. Hakuna hata mmoja ambaye gazeti lingemtafuta. Na kwa kuwa picha za zamani alizitunza, anaweza kukuonyesha mtu mzima ameketi sebuleni kwake anatafuta maneno, halafu ghafla ni yuleyule ana miaka sita, mchanga mikononi. Hapo huhitaji muziki. Unajua huyu ni mtu, ana jana yake na ana leo yake.

Simfanyi malaika. Alifanya kazi chini ya serikali iliyotaka kusikia mambo mazuri, na kuna maneno ambayo watu wa Golzow hawakuweza kuyasema mbele ya kamera hadi Ukuta ulipoanguka. Maswali yake mara nyingine yana ukali wa mwalimu, unamwona anayeulizwa anajikunyata. Ila namheshimu kwa kuwa hakuyaficha. Mwaka 1993 alitoa filamu ya zaidi ya saa nne inayoichunguza kazi yake mwenyewe. Na kuna nyingine ya miaka hiyo ya tisini, juu ya mwanamke mmoja wa darasa lile, ambayo jina lake ni kama mtu anakufungia mlango: Maisha yangu yanawahusu nini? Kuna waliosema sasa basi, wakajitoa. Nadhani mtu anayekuja mara moja hawezi kuulizwa swali hilo. Anakuwa ameshaondoka kabla mwenye maisha hajajua la kuuliza.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka minne iliyopita shirika moja lilinipa kazi ya kumpiga picha mama mmoja msuka mikeka, huku Tanga. Tulimkuta barazani, amevaa dera jipya, amejipaka wanja, ukili umezungushwa vizuri pembeni yake. Aliyenituma akamwomba akabadilishe, avae kanga iliyochakaa, na aeleze habari za kijana wake aliyekuwa amelazwa. Mama akaingia ndani, akatoka na kanga. Alipolia nikasogeza kamera karibu. Saa mbili tu, tukaaga.

Baada ya kuzitazama hizo filamu za Golzow nilikaa siku kadhaa sina raha, mwisho nikaitafuta namba ya yule mama, nikampigia.

"Hujambo mwanangu, mbona ulipotea?"

Nikamwomba radhi kwa habari ya ile kanga. Alikuwa anaikumbuka vizuri. Aliniambia dera lile alilinunua kwa ajili yetu, aliposikia wageni wa kamera wanakuja. Kijana wake alipona mwaka uleule, ameoa, ana mtoto wa kike anayeitwa kwa jina la bibi yake. Mama mwenyewe amepunguza kusuka, macho yanamsumbua, na sasa anawafundisha wasichana wawili wa jirani.

Kwenye zile dakika tatu nilizozitengeneza mimi, bado analia.