Darubini ya mamilioni si sharti

Nimesoma makala inayodai eti klabu ya kutazama nyota haiwezi kuanza bila darubini ya mamilioni! Hapo nampinga mwandishi wake. Kikundi chetu hapa Iringa kilizaliwa Septemba 1, 2016, siku ya kupatwa kwa jua kipete (mwezi hufunika katikati ya jua, ikabaki pete ya mwanga), tulipokwenda Rujewa, mkoani Mbeya, na miwani ya karatasi tu, ile maalumu ya kutazamia jua. Mwaka mzima uliofuata tulitumia darubini moja ndogo ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara kumi, lenzi za mbele milimita 50), ya mtumba. Ukiiegemeza ukutani mkono usitetemeke, unaona vinukta vinne vimejipanga kando ya sayari ya Mshtarii (Jupita). Rudi kesho yake, vimehama. Hiyo ni miezi yake, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Gharama yetu kubwa ni mahindi ya kuchoma na nauli ya bodaboda. Kinachovuruga mkutano ni mwanga: macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, halafu mtu anafika kachelewa, kawasha taa kali ya pikipiki, mnaanza upya. Ndiyo maana tochi tunazifunga nailoni nyekundu, simu mfukoni. Wageni hupenda kuja mwezi mpevu, kumbe ndio usiku mbaya kuliko yote; mwezi nusu ndio wenye vivuli vya mashimo yake. Na mzee mmoja asiyewahi kushika darubini ndiye aliyetuonyesha kundi la nyota la Kilimia na jinsi wakulima walivyokifuata kujua msimu. Nyie wa Dar, kwa taa zote hizo, mnakwenda kutazamia wapi?