Tunajua alama za kila mtoto, hatujui shule imepokea watoto gani

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, magrupu ya WhatsApp ya kwetu Tanzania hayalali. Mtu anaingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, anachagua mkoa, halmashauri, kisha shule yenye namba inayoanza na PS, na hapo anamwona mtahiniwa mmoja mmoja: wa kike au wa kiume, Hisabati kapata nini, Kiswahili kapata nini, Sayansi je. Juu kuna wastani wa shule. Baada ya hapo hukumu: hii shule nzuri, ile walimu wake hawafundishi.

Ninaishi Columbus, jimbo la Ohio, Marekani, na watoto wangu wanasoma shule ya msingi ya umma. Huku ni kinyume kabisa. Alama za mtoto wako ni siri inayolindwa na sheria tangu mwaka 1974, na kundi la wanafunzi likiwa dogo mno matokeo yake hufichwa ili asitambulike mtu. Shule yenyewe ndiyo iliyoanikwa. Sheria aliyoitia saini Rais George W. Bush Januari 2002 ilitaka watoto wa darasa la 3 hadi la 8 wapimwe kusoma na hesabu kila mwaka, na matokeo yagawanywe kwa makundi: rangi na asili, watoto wa familia maskini, wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake ililegeza adhabu, lakini makundi iliyaacha palepale. Sababu yake naiheshimu sana. Wastani ni mzuri kwa kuficha. Shule inaweza kung'ara miaka yote huku watoto wenye ulemavu hawafundishwi chochote, kwa kuwa ni wachache na alama zao zinamezwa na za wenzao.

Ohio wanazipa shule nyota, moja hadi tano, tangu mwaka 2022. Kinachonivutia ni kwamba nyota za kiwango cha ufaulu ziko mbali na nyota za maendeleo, yaani mtoto amesogea kiasi gani kutoka alipokuwa. Hapa Columbus kuna Wasomali wengi, na shuleni kwetu mtoto anaweza kuingia darasa la 3 akiwa hajawahi kusoma sentensi moja ya Kiingereza. Mwalimu wa lugha anamchukua na wenzake wachache, wanakaa meza ya pembeni na vitabu vya picha, kidole kinafuata neno kwa neno. Mwaka ukiisha anasoma hadithi fupi mwenyewe. Kwenye mtihani wa jimbo bado yuko chini ya kiwango. Kwa kipimo cha wastani peke yake, mwalimu yule ameshindwa. Nyota za maendeleo walau zinampa haki yake.

Lakini sisemi tuige kila kitu. Huku mtoto husoma kufuatana na anwani ya nyumba, na shule hutegemea sana kodi ya majengo. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba utaratibu wa kutegemea kodi hiyo kiasi kile ulivunja katiba ya jimbo, ikarudia msimamo huo baadaye, na hadi leo kodi ya majengo bado imebeba mzigo mkubwa. Kwa hiyo mwenye uwezo husoma takwimu za shule kabla ya kununua nyumba, akiona watoto maskini ni wengi anakwenda kitongoji kingine, na kodi yake inamfuata huko. Takwimu zilizotungwa kumtetea mtoto maskini zinatumika kumkimbia. Hilo linaniuma. Halafu kuna haya makundi yenyewe: binti yangu, mtoto wa mkimbizi aliyefika juzi, na mtoto ambaye ukoo wake uko Marekani tangu enzi za utumwa, wote wanahesabiwa mstari mmoja wa Weusi. Mahitaji yao hayafanani hata kidogo.

Pamoja na hayo, bado nasema nyumbani tunakosa kitu kikubwa. Tunalinganisha shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, inayomfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea na kumtaka mzazi amhamishe akishindwa kufikisha wastani, na shule ya msingi ya serikali ya kijijini inayopokea kila anayekuja, kama inavyopaswa. Ya kwanza inapeleka kwenye mtihani waliobaki baada ya mchujo. Ya pili ina watoto zaidi ya mia darasa moja, wengine wametembea bila kula, na ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Ukiziweka kwenye orodha moja unawatukana walimu wa kijijini. Baraza lilifanya vema mwaka 2023 lilipoacha kutangaza shule kumi bora, ila watu wanajipangia wenyewe kwa huohuo wastani.

Takwimu ninazozitaka zipo. Kila mwaka walimu wakuu hujaza fomu za TSM, yaani takwimu za shule za msingi: wanafunzi wangapi, wenye ulemavu wangapi, walimu, madawati, matundu ya vyoo. Zinakwenda TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, zinatoka kama majedwali ambayo mzazi wa kawaida hayafungui. Ziwekwe palepale penye wastani wa shule. Juu ya orodha ya PS tuone walioanza darasa la tano walikuwa wangapi na waliofika kwenye mtihani wangapi. Mwalimu mmoja ana watoto wangapi. Kama kuna chakula cha mchana. Na majina ya watoto yasionekane popote, wala alama za mmoja mmoja zisiwe za kila mpita njia. Hizo apewe mzazi.

Baraza na TAMISEMI, mkianza na kitu kimoja tu, anzeni na hiyo hesabu ya walioanza na waliomaliza. Shule iliyowaingiza watoto 60 darasa la tano na kuwafanyisha mtihani 35 itabidi ieleze wale 25 wamekwenda wapi, kabla hatujaipigia makofi.