Nebraska wana baraza moja, na linawatosha

Wanaoidharau Nebraska, jimbo la katikati ya Marekani, husema ni tambarare ya mahindi tu. Ukiivuka kwa gari unaweza kuwaamini, maana ardhi inapanda polepole mno kutoka mto Missouri, mashariki, hadi Panorama Point kwenye kona ya magharibi, karibu mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Umeshakwea mlima na hujahema. Njiani kuna Sandhills, vilima vya mchanga vilivyovaa nyasi, nchi ya ng'ombe, na chini yake yamejaa maji ya Ogallala, hazina kubwa ya maji ya ardhini, yanayomwagilia mashamba. Mto Platte ndio ulioongoza misafara ya wahamiaji wa karne ya 19, nao wakautania: upana maili, kina inchi.

Kinachonivutia zaidi kiko Lincoln, makao makuu. Majimbo mengine yote 49 ya Marekani hutunga sheria kwa mabaraza mawili. Nebraska wana moja tu, la maseneta 49.

Aliyelipigania ni George Norris, seneta wao kule Washington. Hoja yake naikubali mpaka leo. Mabaraza mawili yakivutana, muswada hukabidhiwa kamati ndogo ya usuluhishi, nayo hujifungia ndani. Ukitoka umenyofolewa, kila upande unausingizia mwenzake, na mwananchi hana wa kumwuliza. Kura ya mwaka 1934 ikampa Norris ushindi. Siku hiyohiyo watu waliamua pia kurudisha pombe na kuruhusu kamari ya farasi, na nashuku kuna waliofuata hayo mawili zaidi! Mwaka 1937 wabunge 133 wakawa 43, na baadaye wakaongezwa hadi hao 49.

Watu huuliza, je, nani atalizuia baraza likikosea? Gavana ana kura ya turufu, mahakama zipo, na wananchi wanaweza kukusanya saini na kuipeleka sheria kwenye kura. Tena kila muswada lazima usikilizwe hadharani, na mkulima yeyote anaweza kwenda kusema lake. Kwangu huo ni ulinzi bora kuliko baraza la pili.

Kwenye karatasi ya kura chama cha mgombea hakiandikwi. Hapo nacheka kidogo, kwa sababu kila mtu anajua nani ni Republican na nani ni Democrat. Hata hivyo wenyeviti wa kamati huchaguliwa na baraza zima kwa kura ya siri, na si ajabu mtu wa chama chenye maseneta wachache kupata kiti.

Kasoro ninayoiona ni mshahara: dola 12,000 kwa mwaka, kiwango kilichopitishwa mwaka 1988. Vikao huchukua siku 90 za kazi mwaka mmoja na 60 mwaka unaofuata. Mwalimu wa Scottsbluff, zaidi ya kilomita 600 kutoka Lincoln, ataacha darasa lake na kuishi kwa hizo? Mstaafu ataweza. Mwenye ranchi yake na wafanyakazi ataweza. Norris alitaka milango iwe wazi kwa wote, na huu mmoja wameuegemeza tu.