Chenji ya Mia Mbili Mbili

"Shikamoo mama. Naomba unibadilishie hii, nataka mia mbili mbili."

Alikuwa wa darasa la tatu, labda la nne. Kaptula ya bluu, shati limechomoka, mkono umepenyezwa kwenye nondo za dirisha la duka langu na jero imebanwa kati ya vidole viwili. Nikampa sarafu mbili za mia mbili na mia moja juu. "Ahsante mama," akasema, akaondoka mbio. Hakununua kitu. Kesho yake wakaja wengine wawili na ombi lilelile. Ilipopita wiki nikagundua kwamba ndoo ya ubuyu haishuki tena, barafu za ukwaju zinalala kwenye friji, lakini sarafu za mia mbili zinaniishia kabla ya adhuhuri.

Mia mbili ndiyo inayoingia kwenye mashine ya kamari. Na mashine yenyewe ilikuwa imekaa barazani kwangu.

Nina duka Mbagala, huu ni mwaka wa kumi na nne. Wakala wa mashine zile alinifuata na pikipiki, kijana mtaratibu, anaongea vizuri. Akanieleza kwamba sitoi hata senti. Mimi ni nafasi na umeme tu, yeye ataleta mashine, na kila mwisho wa wiki tutafungua kisanduku na kugawana. Ubavuni mwa mashine kulikuwa na kibandiko kinachosema walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 nayo inasema hivyohivyo. Kibandiko kilibandikwa usawa wa macho ya mtu mzima. Watoto walisimama juu ya kreti la soda ili waifikie tundu ya sarafu, na kreti lilikuwa langu.

Nilikaa nayo wiki saba. Ilinilipia umeme, ikabaki na ya kuongezea mzigo wa dukani. Sitasema sikujua wanaocheza ni watoto. Nilijua. Niliziba masikio kwa kujiambia kwamba nisipoiweka mimi ataiweka jirani, basi afadhali hela ije kwangu.

Siku moja jioni akaja mama anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Anapika vitumbua, saa tisa usiku huwa yuko jikoni, alfajiri anashika njia na ndoo yake kichwani. Akaniuliza kwa upole kama sukari imeniishia, maana alimtuma mwanawe nusu kilo tangu saa kumi na mpaka magharibi ile hajarudi. Tukamkuta mtoto nyuma ya choo cha nje, analia kimyakimya. Hela ya sukari ilikuwa kwenye kisanduku cha mashine, na nusu ya kisanduku kile ilikuwa yangu. Nilimpa yule mama sukari yake, nikampigia wakala aje kuchukua mzigo wake usiku uleule.

Watu wa mtaani walipoisikia habari ile walisema jambo moja: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Walimaanisha kumlaumu yule mama. Sijalala vizuri na methali ile tangu siku hiyo, kwa sababu mama yule alikuwa amemfunza mwanawe. Yule ndiye mtoto wa kwanza kuja dirishani na jero, aliyeniamkia na kunishukuru bila kukumbushwa na mtu. Ulimwengu uliomfunza lile jingine ulikuwa mimi, hatua thelathini kutoka mlangoni kwao.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mjadala wa maadili, iwe msibani, kwenye kikao cha mtaa au redioni, nasubiri kusikia neno utandawazi, na halichelewi. Utandawazi umetuharibia watoto. Dunia imebadilika. Tunaongea kama watu wanaozungumzia mvua za masika, kitu kilichotoka juu kikatukuta tumekaa. Barazani kwangu haukuja utandawazi. Alikuja mtu mwenye jina na namba ya simu, tukakubaliana asilimia. Nimejaribu kutafuta jambo moja linaloharibu watoto wa mtaa huu ambalo halina mtu mzima anayekula faida nyuma yake, na bado silioni.

Tazameni sherehe zetu. Mwaka huu nilikuwa kwenye ngoma ya kumtoa mwali, mtaa wa pili. Unyago wenyewe umebaki jina, siku saba za somo zimekuwa usiku mmoja wa spika. Saa nne usiku akaingizwa katikati binti wa miaka sita au saba, akakatika viuno kwa namna ambayo mtu mzima ningemwonea aibu. Watu wakashangilia, wakainuka kumtunza, mmoja akampachika elfu moja kwenye paji la uso. Simu zikawa juu zote. Mama yake alikuwa anacheka kwa furaha, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Asubuhi video ilikuwa imezunguka mtaa mzima. Yule binti amejifunza somo ambalo hakuna mwalimu atakayelifuta kirahisi: kwamba mwili wake ukikatika, watu wazima wanatoa hela. Miaka minane ijayo akianza kulitumia somo hilo kwa namna nyingine, walewale waliomtunza watakuwa wa kwanza kusema watoto wa siku hizi hawana haya.

Haya. Hilo ndilo neno ninalolitafuta. Tunawadai watoto adabu, na adabu wengi wao wanayo. Haya ni ya mtu mzima: kile kinachomfanya mtu aione hela, aitake, kisha aiache kwa sababu inatoka mkononi mwa mtoto. Hiyo ndiyo imepungua.

Wapo watakaosema zamani ilikuwepo, na mimi mwenyewe nina kiu ya baadhi ya mambo ya zamani. Nimekulia Rufiji. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania, na kipindi cha Mama na Mwana kilipoanza nyumba ilinyamaza, hata bibi aliacha kutwanga. Hakuna aliyekuwa anatuuza kwa mtu yeyote muda ule tulipokuwa tumekaa kwenye mkeka. Televisheni huku Bara ilianza mwaka 1994, tena nyumba yenye seti ilikuwa moja kwa mitaa kadhaa, na mwenye nyumba alijua ni watoto wa nani wamekaa sakafuni kwake. Mzee yeyote aliweza kunituma na kunikanya. Hilo nalikumbuka kwa mapenzi.

Lakini sitaki kudanganya. Mzee yuleyule aliyekuwa na haki ya kunikanya alikuwa na haki ya kunichapa bila kuniuliza, na wapo waliofanya makubwa kuliko kuchapa, yakafunikwa kwa kuitwa mambo ya ndani. Rafiki yangu wa darasa la saba hakurudi shuleni baada ya likizo. Tuliambiwa ameolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 mradi mzazi ameridhia, wakati mvulana alitakiwa afike 18. Ilibidi mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, aende mahakamani, Mahakama Kuu ikaamua mwaka 2016 kwamba vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo. Mahari ya rafiki yangu nayo ilikuwa hela iliyotoka kwa mtoto, na waliokaa mkekani kuihesabu walikuwa wazee tunaowasifia leo kwa maadili. Kwa hiyo wakisema maadili yamebadilika nakubali, ila hayajashuka upande wote. Kuna upande tumepanda, na tulipanda kwa sababu kuna mtu alikataa.

Na kukataa kunawezekana. Hili nalijua kwa rafu zangu mwenyewe. Wale wa umri wangu mnakumbuka viroba, vile vipakiti vya pombe kali. Vilining'inia kwa kamba dukani kama pakiti za shampuu, usawa wa pua ya mtoto, kwa bei ya kutupa. Wanafunzi wa sekondari walivificha kwenye soksi. Sote tulisema haiwezekani kuviondoa, viwanda ni vikubwa, kodi ni nyingi, vijana wataandamana. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akatangaza mwezi Februari 2017 kwamba ifikapo Machi mosi mwisho. Nilipata hasara ya maboksi mawili. Baada ya miezi michache dirisha langu lilikuwa halina kiroba hata kimoja, na hakuna mtoto aliyewahi kuja kuniuliza vimekwenda wapi. Walevi wa pombe hawakwisha, sisemi hivyo. Nasema mtoto aliacha kuiona pombe ikining'inia jirani na pipi.

Jambo la daladala linaniuma zaidi kwa sababu tumelizoea. Asubuhi pale Rangi Tatu mtoto mwenye sare anasimama tangu saa kumi na moja. Nauli yake ni 200, ya mtu mzima ni walau mara tatu ya hiyo, basi konda anaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Wengine wanasukumwa, begi linavutwa, tusi linarushwa. Sitaki kumtupia konda mzigo wote, ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni. Ila mtoto anayesukumwa kila siku kwa sababu hela yake ni ndogo anafundishwa kitu kabla hajafika darasani, na anafundishwa vizuri kuliko somo la Uraia. Binti aliyeachwa kituoni mara tatu kwa wiki, akichapwa kwa kuchelewa, siku ya nne bodaboda akimwambia "panda, leo bure" atapanda. Mtaani tunazijua lifti hizo na tunajua zinakoishia. Mimba ikiingia tunasema binti hakutulia. Nani aliwahi kumuuliza aliyeziba mlango wa gari?

Kuhusu simu nitasema machache, wengi wameshasema. Mtoto wa miaka mitatu anayepewa simu ili anyamaze hafundishwi na simu, anafundishwa na yule aliyetengeneza video ile ili asiache kuitazama. Na sasa wapo wazazi wanaowafungulia watoto kurasa, wanawavisha, wanawapodoa, wanawafundisha maneno ya kikubwa ili watu wacheke na matangazo yaje. Mtoto anafanya kazi hajui kama ni kazi.

Ninachotaka hakihitaji bunge. Sheria tunazo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto sigara na pombe, inamkataza mwenye baa kumwingiza ndani. Muuza duka anaijua, angalau kwa kusikia, na anamuuzia kila siku kwa sababu mtoto ametumwa na baba yake. Mimi nilimuuzia hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Ninachotaka ni sisi wenye vibanda, wenye spika za kukodisha, wenye daladala, wenye mabanda ya video, wenye gesti zinazopokea binti mwenye sare ndani ya begi, tukae kwenye kikao cha mtaa na kila mmoja aseme mbele ya wenzake ni hela gani anaipata kutoka kwa mtoto, na ipi ataiacha. Wa kwanza niwe mimi. Nimeshamwomba mwenyekiti wa mtaa ajenda hiyo, akaniahidi kikao kijacho. Nitaendelea kumkumbusha.

Nataka pia turudishe kitu kimoja cha Rufiji, bila fimbo yake: kumwita mtoto wa mwenzio kwa jina na kuongea naye. Tumeacha kwa kuogopana. Ukimkanya mtoto wa watu mzazi anakuja juu, na mzazi naye ana sababu, maana tumeshuhudia watu wazima waliojifanya walezi. Basi tuongee nao hadharani, barazani, mlango ukiwa wazi. Yule mtoto wa vitumbua sasa anapita kwangu akitoka shule, ananisomea bei za bidhaa mpya na kunipangia chumvi kwenye rafu, kisha nampa barafu. Mama yake anatuona kutokea kwao.

Mwezi uliopita nilibandika karatasi dirishani, nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito: SIMUUZII MTOTO SIGARA HATA KAMA AMETUMWA. Jioni ya kwanza mtoto wa fundi mmoja akarudi mikono mitupu, na baba yake akaja mwenyewe, vumbi la saruji bado liko kwenye ndala.

"Mama, wewe ndiye unanifundisha kulea?"

"Hapana baba. Najifundisha kuuza."

Akaniangalia sana. Akanunua sigara mbili, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo anakuja mwenyewe kila jioni, hata mvua ikinyesha. Hanisalimii bado.