Termostati Imeingia Katuba

Leo Jumapili nimeoga kwa amri ya kipimajoto. Mimi, baba wa watoto sita, mtu anayepewa kiti kwenye kila matanga hapa Katuba, komuni ya Lubumbashi, nimesimama ndani ya bafu la mabati, taulo kiunoni, meno yakigongana, nikingoja mtoto wa miaka tisa aniruhusu kuoga. Misa ni saa tatu. Wakati huo ilikuwa saa mbili.

Mwezi wa saba wa Lubumbashi mnaujua. Wale ndugu wa Kinshasa wanaodhani Kongo nzima ni jasho, waje walale hapa usiku mmoja chini ya mabati yasiyo na dari, tuongee kesho yake, kama midomo itafunguka. Umeme? Umeme ulipita Alhamisi saa nane usiku, ukawasha taa tuliyoisahau, ukaenda zake.

Chanzo cha yote haya ni shemeki, kaka wa mke wangu. Amekuja likizo kutoka Liège, Ubelgiji, ambako kazi yake ni kutengeneza shodieri za mazuti, yale mafuta ya kupashia nyumba joto. Shodieri, kwa nyinyi ambao shemeki zenu wana kazi za kawaida, ni mbabula (jiko letu la makala, yaani makaa) kubwa iliyofungiwa kwenye chumba cha chini ya nyumba. Inakunywa mazuti kutoka tangi, inapasha maji, na maji yanatembea kwenye mabomba mpaka kila chumba. Hakuna anayepuliza. Hakuna anayelia kwa moshi. Na kila mwaka sheria inataka fundi aje aisafishe na kuupima moshi wake, na ndiyo maana shemeki ana tumbo lile. Mazuti yenyewe ni mekundu. Nilipomuuliza kwa nini, akasema yametiwa rangi ili mtu asiyamwage kwenye gari, maana kodi yake ni ndogo. Nilifarijika. Kumbe hata kule mtu anashukiwa.

Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili alimkuta mama watoto akipasha maji ya kuoga, akasimama juu ya sufuria mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

“Dada, mnangoja mpaka yatokote?”

“Ndiyo.”

“Halafu?”

“Halafu tunatia ya baridi, yapoe.”

Alifumba macho kama mtu aliyepewa habari ya kifo. Akaingia ndani, akatoka na kipimajoto, kijiti cha chuma chenye saa ndogo kichwani. Akatuita wote. Na mama mkwe pia, ambaye ni mama yake mzazi, akaletewa kiti.

Ndugu zangu, tulihubiriwa. Mwili wa mtu, alisema, unatosheka na maji ya digrii 40. Kuyafikisha 100 na kuyarudisha chini kwa maji baridi ni kuchoma makala, kisha kuyamwagia baraka. Na sufuria haina mfuniko! (Mfuniko ulikwenda kwenye matanga ya jirani mwaka juzi. Anayeuona aseme.) Kule Liège, alisema, mazuti mengi hayaliwi na baridi, yanaliwa na shodieri isiyojua kunyamaza: inawaka, inazima, inawaka, kila dakika chache, kama taksi kwenye msongamano. Dawa ni kuipa akili. Unaweka termostati, kifaa kinachopima joto na kuiamuru iwake au izime, kwenye chumba wanachokaa watu, si penye jua wala karibu na jiko, maana itadanganyika. Unaweka saa ya kuipumzisha watu wakiwa kazini. Nje ukutani unabandika kijicho kinachoonja hewa; leo si baridi sana, basi maji ya kwenye mabomba yasiwe moto sana. Na zile shodieri za kisasa zinapenda maji yarudi yakiwa ya uvuguvugu, kwa sababu hapo mvuke ulio kwenye moshi unageuka maji humo humo ndani na kuacha joto lake, badala ya kupanda nalo mbinguni.

“Ukipunguza digrii moja tu nyumbani,” akainua kidole kama katekista, “unaokoa karibu asilimia 6 au 7 ya mazuti. Digrii moja!”

Mama mkwe akamtazama. “Hiyo digrii moja, mwanangu, unaiuzia wapi?”

Mimi nilicheka, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu mtu wa Ulaya ukimcheka anaanzisha mradi. Kufikia jioni mbabula yetu ilikuwa imezibwa matundu kwa udongo upande mmoja, na upande wa pili imewekewa kipande cha bati cha kuvuta na kusukuma, hewa ipungue au iongezeke. Sinia ya bukari, ugali wetu, ikawa mfuniko. Nestor, mwanangu wa tano, akateuliwa kuwa termostati: anashika kijiti, anasoma, anapiga kelele. Na kijicho cha nje? Mama mkwe. Kiti chake kikahamishiwa ukuta wa nje, upande wa kaskazini.

“Siku zote kaskazini,” shemeki alisema. “Jua lisikidanganye.”

Sasa nyinyi mliosoma jiografia mmeshaanza kucheka. Kule kwao, ukuta wa kaskazini ndio wa kivuli. Huku kwetu, mwezi wa saba, jua linapita kaskazini! Mtu aliyezaliwa Katuba, akasoma Katuba, akaibia maembe Katuba, miaka kumi na nane ya Liège imemgeuzia jua.

Turudi bafuni. Saa mbili, jua limeshapanda, linampiga mama mkwe usoni. Namsikia shemeki akiuliza: “Mama, nje vipi?” Na sauti ya mama, tamu, ya mtu aliyeanza kusinzia: “Leo hakuna baridi kabisa.”

“Nestor! Toa kwenye 32!”

Nikasema, ngojeni. Hakuna aliyengoja. Ndoo ikasukumwa chini ya mlango wa bati, na mimi kwa kuamini sayansi nikajimwagia kopo zima kichwani. Bafu letu, niseme, liko upande wa kusini, kwenye kivuli, na upepo unaingia chini. Kelele niliyopiga imesikika Kenya. Nasema komuni ya Kenya, lakini hata ile nchi sishangai.

Na kutoka nje kugombana siwezi! Mama mkwe yuko uani. Mkwe utapitaje mbele yake na taulo? Basi nikagombana kupitia tundu la msumari, kwa heshima zote, nikimwita “shemeki mpendwa”, povu la sabuni likinikauka masikioni. Misa imenipita. Kwaya nimeisikia kwa mbali.

Kinachoniudhi ni kwamba gunia la makala bado lipo. Kwa kawaida siku kama ya leo tunakung'uta vumbi. Bei yake siisemi, mnaijua, na anayejua zaidi ni yule kijana anayelisukuma kwa baiskeli kutoka barabara ya Kasenga, kifua kimelala kwenye usukani. Nilipokuwa mdogo miti ilikuwa hapo karibu, leo anasema analala njiani siku mbili. Nikiyakumbuka yale makala yote tuliyoyatokosea maji ya kupoza, miaka kumi na tisa ya ndoa, natamani kumpiga mtu, na mtu mwenyewe simwoni. Mama watoto ananitazama bila kusema. Nestor amedai mshahara.

Halafu kuna jambo la viatu. Shemeki aliniletea viatu kutoka Ulaya, vya ngozi, vizuri, nilipigiwa simu mara tatu kuulizwa saizi. Nilisema 43, mara tatu. Ameleta 39. Mtu anayepima maji ya kuoga kwa digrii moja moja! Amesema atavibadilisha akirudi, baada ya miaka minne. Kwa sasa anavivaa mama mkwe, na kiti chake kimehamia ukuta wa kusini, na tangu ahamie huko kila ukimuuliza anasema ni baridi, baridi sana, ongezeni makala.