Vimeng'enya vya ini: dawa inayochochea nayo ihofiwe

Tahadhari nyingi kuhusu dawa zinazogongana hulenga upande mmoja: dawa fulani huzuia vimeng'enya vya ini, yaani protini zinazochakata dawa mwilini, na dawa nyingine inayotumiwa nayo hurundikana damuni hadi ikawa sumu. Msisitizo huo una sababu. Klarithromaisini, dawa ya kuua bakteria, huzuia kimeng'enya cha CYP3A4, na mgonjwa akiwa anatumia pia simvastatini ya kushusha kolesteroli, kiwango cha simvastatini hupanda mara kadhaa, misuli ikaanza kuvunjika na mabaki yake yakaumiza figo. Terfenadini, dawa ya mzio, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1998, kwani ilipokutana na ketokonazoli ya fangasi au erithromaisini ya bakteria iliweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Uzuiaji huanza mapema, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili, na madhara yake hupiga kelele. Anayeuhofu hajakosea.

Uchochezi, yaani dawa kulifanya ini litengeneze vimeng'enya zaidi na kuchakata dawa nyingine kwa kasi, hauna kelele. Mgonjwa hapati sumu, anakosa tiba, na tiba inapokosa nguvu lawama huenda kwingine: ugonjwa umekuwa sugu, au mgonjwa hamezi dawa zake. Ini halishukiwi.

Rifampisini ya kifua kikuu ndiyo inayoonyesha jambo hili waziwazi. Hujishikiza kwenye kipokezi kiitwacho PXR, na seli za ini na utumbo huanza kutengeneza CYP3A4, CYP2C9 na vimeng'enya vingine kwa wingi. Kwa kuwa ni protini mpya zinazoundwa, nguvu kamili hufikiwa baada ya wiki moja hadi mbili. Midazolamu ya kumeza, dawa ya usingizi, hupungua damuni kwa zaidi ya asilimia 90. Vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi havitegemeki tena, ingawa kitanzi cha shaba hakiguswi kwa sababu hakitumii homoni. Lumefantrini ya malaria hushuka kiasi cha kuhatarisha tiba nzima.

Wapo wanaoona jibu ni jepesi: ongeza dozi. Kwa dolutegraviri, dawa ya VVU, wana haki, maana miligramu 50 mara moja kwa siku huwa miligramu 50 mara mbili, na virusi hubaki vimefubazwa. Kwa vidonge vya uzazi wa mpango njia hiyo haiaminiki, inabidi kubadili njia. Na hata pale inapofaa, dozi iliyoongezwa ina deni lake, nalo hudaiwa siku rifampisini inapokwisha.

Tuseme mgonjwa alikuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 5 kwa siku, INR yake (kipimo cha damu kuchelewa kuganda) ikiwa 2.5. Ameanza rifampisini, INR ikashuka, dozi ikapandishwa hatua kwa hatua hadi miligramu 15. Miezi sita ya kifua kikuu imekamilika, watu wanampongeza. Siku chache za mwanzo INR inaweza kuonekana shwari kabisa, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Vimeng'enya vya ziada huisha polepole kwa wiki mbili au zaidi, na kadiri vinavyoisha ndivyo warfarini inavyobaki damuni. Mwisho wake mtu yuleyule anameza mara tatu ya dozi inayomfaa, na damu inaweza kuvuja tumboni au kwenye ubongo. Kurudi ghafla kwenye miligramu 5 siku ileile nako ni kosa: ini bado linachakata kwa kasi, na damu inaweza kuganda. Kinachotakiwa ni kupima INR angalau kila wiki kwa wiki kadhaa na kushusha dozi kidogokidogo kwa kufuata majibu.

Programu nyingi za kutoa dawa hutoa onyo pale dawa mpya inapoongezwa. Dawa inapoondolewa kwenye orodha, mara nyingi hukaa kimya, na kwa dawa inayochochea ini, kuondolewa kwake ni tukio zito sawa na kuanzishwa kwake. Vipimo vya kawaida vya ini havisaidii hapa. ALT na AST huonyesha seli zilizoumia, na majibu yake yanaweza kuwa safi kabisa huku CYP3A4 ikifanya kazi mara nyingi kuliko kawaida.

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni kwamba dawa zinazozuia ni nyingi mno, na zenye kuchochea kwa nguvu ni chache. Ni kweli. Lakini uchache huo unaondoa kisingizio: rifampisini, dawa za kifafa karbamazepini, fenitoini na fenobabitali, pamoja na efavirenzi ya VVU yenye nguvu ya wastani, ni orodha ambayo mhudumu yeyote anaweza kuishika kichwani. Karbamazepini huchochea hata uchakataji wake yenyewe, ndiyo maana dozi iliyotosha wiki ya kwanza hupwaya kufikia wiki ya nne.

Kwa hiyo kwenye kadi ya mgonjwa, tarehe ya kumaliza rifampisini iandikwe mapema, na kando yake dawa zote ambazo dozi yake ilibadilishwa. Dolutegraviri ya mara mbili kwa siku iendelee kwa wiki mbili baada ya tarehe hiyo. Anayetegemea vidonge vya uzazi wa mpango aendelee na njia mbadala kwa wiki nne.